Desemba ya leso: Kuna aliyekuuliza kabla hujatahiriwa?

Ukipita Kibarani Desemba, shule zikishafungwa, utawaona tu. Vijana wadogo wamejifunga leso za mama zao, mkono mmoja umeishika mbele isiguse, miguu imetanuka kama mtu aliyeshuka juu ya punda sasa hivi. Hakuna anayewauliza kulikoni. Wakubwa wanawacheka, wanawapa kumi kumi za peremende, maisha yanaendelea.

Sasa wewe unayesoma hii kwenye simu, kama ni kijana wa Pwani, hebu nikuulize. Siku yako ilipofika, ulijua unapelekwa wapi?

Mimi sikujua. Nilikuwa na miaka 9, nikaambiwa tunaenda kununua viatu vya shule. Nikaoga, nikavaa shati la kutokea. Tukaishia uani kwa jamaa mmoja, pilau inanukia, wenzangu watatu wameketi kimya, na mzee mmoja ana wembe. Ganzi yangu ilikuwa mikono ya wanaume wawili walionishika. Kidonda kikatunga usaha, nikarudi shule wiki mbili baada ya wenzangu. Na viatu sikununuliwa! Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, haki.

Naleta haya manake majuzi dada yangu amenipigia simu. Mwanawe ana miaka 8, wenzake wote wameshapashwa, wakienda kuogelea wanamcheka. "Umpeleke wewe, ndiwe mjomba wake," akaniambia. "Mwambie mnaenda mjini kununua viatu."

Viatu tena, jamani.

Nilimwambia anipe siku mbili. Mimi chuo kilinishinda mwaka wa pili, lakini kusoma hakujanishinda, kwa hivyo nikakaa nikasoma. Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba hili jambo ni la zamani kuliko dini zote mbili tunazozijua hapa kwetu. Kule Saqqara, Misri, kuna kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Ankhmahor, lina zaidi ya miaka 4,000, na ukutani wamechongwa wanaume wakikatwa. Mmoja ameshikwa mikono kwa nyuma. Nilipoiona hiyo picha nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilimjua yule jamaa.

Ibrahimu wa kwenye Biblia alikuja baadaye, na agizo la siku ya nane. Paulo naye akawaambia Wagalatia kwamba Mkristo halazimiki. Qurani haiitaji tohara waziwazi, lakini kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, kwa mwanamume ni wajibu. Mswahili wa zamani aliipa na shule kabisa: watoto walitiwa jandoni, wakakaa kumbini mpaka wapone, wakifunzwa adabu na mambo ya utu uzima. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaandika mambo hayo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa 1903. Siku hizi mafunzo yameondoka, kumebaki kisu na pilau.

Halafu tazama neno lenyewe. Tohara ni usafi. Maana yake ambaye hajatahiriwa lugha imeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Na Kenya hii tunajua hukumu hiyo inafika wapi. Waluo kwa jadi hawakutahiri, alama yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Katika fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, wanaume wa Kiluo walikamatwa na magenge, Naivasha na kwingineko, wakakatwa kwa nguvu. Tume ya Jaji Waki iliyaandika. Kesi ikafika The Hague, waendesha mashtaka wakataka kitendo hicho kiitwe ukatili wa kijinsia, na Januari 2012 majaji wakakataa, wakakiita kitendo kingine cha kinyama. Mimi sijaelewa mpaka leo. Mtu anavuliwa nguo na genge, anakatwa pale, kisha tunaambiwa si mambo ya jinsia. Lakini basi, mimi si wakili.

Cha ajabu, wakati huohuo huko Kisumu kulikuwa na Waluo waliokwenda kutahiriwa kwa hiari yao. Utafiti ulifanywa pale kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, mwingine Rakai, Uganda, na mwingine Orange Farm, Afrika Kusini. Ule wa Kisumu na wa Rakai ulisimamishwa mapema, Desemba 2006, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana: tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza kampeni Nyanza. Hata Raila Odinga alisimama akawahimiza watu wake.

Sasa hapo ndipo sisi wa Pwani tunapojidanganya. Nimeyasikia kwa masikio yangu, kijiweni: "Mimi nishatahiriwa, kondomu ya nini?" Sikiza, bro. Sitini si mia. Na hiyo sitini ni yako wewe mwanamume, demu wako haimkingi moja kwa moja. Huku kwetu karibu kila mwanamume ametahiriwa, na ukimwi upo. Kama tohara peke yake ingetosha, tungekuwa tushasahau jina la huo ugonjwa.

Turudi kwa kijana wetu. Dada alikuwa na namba ya mzee wa wembe, bei nafuu, anakuja hadi nyumbani. Kliniki ilitaka karibu mara tatu. Nikamwambia tutaongezea. Kuna utafiti wa Bungoma, ulitoka 2008, uliwafuata vijana na watoto zaidi ya 1,000. Waliotahiriwa kienyeji, 35 kati ya kila 100 walipata matatizo: damu, usaha, kovu baya. Wa hospitali na kliniki walikuwa karibu 18. Umeona? Kliniki nayo si muujiza, manake kuna watu wamevaa koti jeupe na kazi hii hawakufunzwa. Kwa hivyo uliza. Anayekata ni nani? Amefunzwa? Vifaa vimechemshwa? Mtoto amemaliza chanjo ya pepopunda? Kama anaona haya kujibu, ondoka.

Nilikwenda peke yangu kwanza kuangalia. Daktari pale hakuanza na kisu, alianza na macho. Anamkagua kila mtoto, anamuuliza mama kama kwao kuna ugonjwa wa damu kutoganda. Siku hiyo mtoto mmoja alirudishwa. Tundu lake la mkojo halikuwa kwenye ncha, lilikuwa chini kidogo. Mama akalalamika, nauli ametumia, wageni ameshawaalika. Daktari akamweleza taratibu: mtoto wa namna hiyo hatahiriwi ovyo, kwa sababu ile ngozi ya govi ndiyo wapasuaji wanaweza kuitumia kumtengenezea njia ya mkojo. Ukishaitupa, umeitupa. Nikamfikiria mzee wangu wa wembe. Yeye alinitazama usoni tu.

Wengine hupigwa sindano ya ganzi, wanangoja, daktari anajaribu kwanza kama wanasikia, ndipo anakata, anazuia damu, anashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Dakika chache, kwisha. Ukienda nyumbani, damu isiyokoma, homa, usaha au kushindwa kukojoa ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, si kungoja kesho. Na kama ni mtu mzima, wiki sita hakuna mapenzi. Ndiyo, sita. Usiniulize mimi.

Swali gumu likabaki. Mtoto aambiwe? Ujerumani, mwaka 2012, mahakama ya Cologne ilisema kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini tu ni kumjeruhi. Kelele zikawa nyingi, mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu. Kwetu, kukeketa wasichana kulipigwa marufuku 2011, na 2021 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya daktari aliyetaka marufuku hiyo iondolewe. Hilo halina mjadala hapa. Kwa wavulana, Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtahiri mtoto kwa nguvu. Kwa nguvu ni nini, sasa? Wanaume wawili na mikono yao? Uongo wa viatu?

Hawe yangu alinisikiliza yote haya, akatema mate pembeni, akasema: "Umlizaye mtoto ni wewe, na maswali yako."

Jumanne jioni nikamchukua mpwa wangu tukaketi chini ya mwembe. Nikamwambia ukweli wote, sindano, mkasi, leso, wiki za kutocheza mpira. Akanyamaza muda mrefu. "Mjomba, itauma?" Nikamwambia sindano itauma, kisha baadaye tena ganzi ikiisha. "Na nikikataa?" Dada alikuwa mlangoni anasikiliza, akadakia, "Atakataa vipi, kwani yeye nani?"

Nikamwambia dada atupishe kidogo. Mtoto akachora chini na kijiti, akaniuliza kama nitakuwa mle ndani naye. Nikasema ndiyo. Akasema basi iwe Jumamosi ya pili, kwa sababu ile ya kwanza wana mechi na yeye ndiye golikipa.

Angesema hapana, sijui ningefanya nini. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne. Jumamosi ni ya mechi, inayofuata tunakwenda. Viatu nimeshamnunulia, namba 33, viko kwenye mfuko nyuma ya mlango.