Pesa ya Mgeta na Siku 28 za Uingereza

Kabichi iliyokatwa leo Nyandira, huko juu Mgeta, kesho iko Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro au imeshafika Dar es Salaam. Pesa yake nayo haikai. Inalipa mbolea, vibarua na nauli ya gari, na kinachobaki kinaingia kwenye simu au kikundi cha VICOBA. Upande wa pili wa milima ya Uluguru, Kinole na Matombo, karafuu, mdalasini na pilipili manga huleta fungu nono zaidi, lakini kwa msimu. Uchumi huu unalisha na kusomesha watu. Unakwama siku mtoto wa mkulima anapopata nafasi katika chuo cha Uingereza.

Kwa kiwango cha visa ya mwanafunzi kilichoanza Novemba 2025, anayekwenda kusoma nje ya London huonyesha pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi 9. Jumla ni pauni 10,539, zaidi ya shilingi milioni 30, na juu yake huongezwa ada ya mwaka wa kwanza ambayo haijalipwa. Tena pesa hiyo lazima ilale benki siku 28 mfululizo. Akaunti ya mzazi inakubalika, ikiambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Shamba la mikarafuu halikubaliki, wala hati ya nyumba.

Familia nyingi huteleza hapo. Ndugu wanachanga, salio linatimia, kisha siku ya 20 unatokea msiba na mzazi anatoa laki mbili. Salio likishuka chini ya kiwango, hesabu inaanza upya.

Upenyo huo ndio wanaouona matapeli wanaouza taarifa za benki za kughushi. Anayekamatwa na karatasi ya uongo anaweza kufungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10, naye ni kijana wa miaka 19 aliyemwamini mtu mzima. Wakala wa vyuo anayefanya kazi kwa haki hulipwa kamisheni na chuo. Akidai pesa ya "kupanga akaunti", familia iondoke.

Ujerumani ina utaratibu mwingine: euro 11,904 huwekwa katika akaunti iliyofungwa, na mwanafunzi huruhusiwa kuchota euro 992 kwa mwezi akishafika. Ni mlima mrefu vilevile, ila pesa inabaki yake. Wenye ufadhili kamili, kama wa DAAD wa Ujerumani au Chevening wa Uingereza, huvuka kwa barua ya mfadhili.

Gharama nyingine huangukia Dar es Salaam, ambako mwombaji wa Uingereza hupimwa kifua kikuu katika kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi Morogoro Juni 14, 2024, imeifanya safari hiyo kuwa ya kwenda na kurudi siku moja. Ada ya huduma za afya ya Uingereza ni pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na hulipwa yote wakati wa kuomba.

Benki na SACCOS za Morogoro zingeweza kuwafungulia wakulima akaunti ya akiba inayofungwa tangu mavuno hadi visa itoke. Kwa masomo ya Septemba, ombi hupokelewa kuanzia Machi, na jibu kwa kawaida huchukua wiki 3. Atakayeomba mwanzoni mwa Julai anatakiwa awe ameiweka pesa benki kabla Juni haijaanza.