Rekodi ya Chepng'etich Mbele ya Kokwet

Katika nchi ya Wakipsigis, mwanariadha aliyeshinda hapokewi kwa maneno matupu. Mama mwenye heshima zake humtangulia na sotet, kibuyu cha mursik kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet hadi maziwa yakashika rangi ya majivu na harufu ya moshi. Mshindi hunywa kwanza, kisha wazazi wake, kocha wake na walio karibu naye. Shingoni huvikwa sinendet, mmea mtambaazi wa msituni ambao tangu zamani huvishwa waliorejea na sifa. Wimbo ukianza, hutajwa yeye, na hutajwa pia baba yake, mama yake, ukoo wake na kijiji chake. Heshima yake ni ya wengi, na ndiyo sababu jina lake likiingia doa, wengi huumia.

Ukanda huu wa chai, kuanzia Londiani na Kericho mjini hadi Litein, Sotik na Bomet, umezoea kupokea washindi. Nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya ililetwa na mwana wa Kericho, Wilson Kiprugut Chuma, aliyepata shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, mjini Mexico, aliongeza fedha katika mbio hizohizo. Wazee waliomshuhudia bado wanamtaja kila mara vijana wanapodhani ushindi ulianza na kizazi chao. Leo Beatrice Chebet, aliyekulia Londiani, ndiye bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na 10,000 aliyetwaa dhahabu zote mbili jijini Paris mwaka 2024. Pia ndiye mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29.

Kati ya majina hayo limo jina la Ruth Chepng'etich, na hilo ndilo linalozua ubishi. Mzaliwa huyu wa Kericho, aliyezaliwa mwaka 1994, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Doha mwaka 2019. Mbio hizo zilianza usiku wa manane kwa sababu ya joto, na hata hivyo wanawake 28 kati ya 68 walioanza hawakumaliza. Mwaka 2021 alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Istanbul, na mwaka huohuo akashinda Chicago. Mwaka uliofuata alishinda tena huko, akiikosa rekodi ya dunia kwa sekunde 14 tu.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024. Watu walikuwa wametoka kanisani, jua la Kericho linaelekea kuzama, na Chicago ndiyo kwanza kumekucha. Chepng'etich alivuka utepe kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amekimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi. Rekodi ya awali, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, ilikuwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, kwa hiyo aliipunguza kwa karibu dakika mbili nzima. Ushindi huo aliutoa kwa kumbukumbu ya marehemu Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameweka rekodi ya wanaume katika barabara zilezile mwaka mmoja kabla. Siku ileile wanahabari wa ng'ambo walimuuliza kama watu watatilia shaka muda huo, naye akajibu kwa ufupi kwamba watu hawana budi kusema. Nyumbani swali hilo liliwachoma watu wengi, wakaliona kama dharau kwa binti yao.

Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Machi 2025, alitoa sampuli ya mkojo. Ndani yake kulipatikana haidroklorothiazaidi, dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, ambayo imepigwa marufuku michezoni kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Kiwango kilikuwa nanogramu 3,800 kwa mililita, ilhali maabara hutakiwa kuripoti kuanzia 20. Mwezi wa Aprili alikubali mwenyewe kukaa nje ya mashindano wakati uchunguzi ukiendelea. Mwanzoni hakuwa na maelezo ya dawa hiyo. Mwisho wa Julai alieleza kwamba aliugua na kumeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuichunguza. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha hakikuridhika, na mwezi Oktoba kikatangaza kwamba amefungiwa miaka mitatu kuanzia Aprili 2025. Matokeo yake tangu siku ya sampuli yalifutwa. Yaliyotangulia yalibaki, na rekodi ya Chicago ikiwemo. Kitengo kilisema pia kwamba kitaendelea kuchunguza vitu vya kutiliwa shaka vilivyopatikana kwenye simu yake.

Hayo ndiyo yaliyothibitishwa. Ubishi unaanzia hapo.

Mahali pazuri pa kuusikia ni kwenye kituo cha kununulia majani chai, alasiri. Wachumaji wametua vikapu na kumwaga majani juu ya magunia. Mikono inaendelea kufanya kazi, ikichambua vijiti na majani magumu, maana karani anataka majani mawili na chipukizi na hatapima takataka. Lori la kiwanda limekwama mahali kwa utelezi. Redio ya simu ya mtu inasema mambo ya riadha, na mara watu wanagawanyika.

Kijana mwenye raba za mazoezi, aliyekuja kumsaidia mama yake kubeba gunia, anasema rekodi haijafutwa na waliopewa kazi ya kuifuta hawakuifuta, kwa hiyo mjadala umekwisha. Mama aliye kando yake anamkatiza. Yeye alipiga vigelegele jioni ile ya Chicago, na sasa binti yake wa darasa la saba anamuuliza kama Chepng'etich ni mshindi au ni mwizi. Mwanamume mwingine anadai ni njama ya wazungu waliochoka kushindwa. Mwingine anasema mtu akikamatwa mara moja, basi mbio zake zote zilikuwa za dawa tangu mwanzo. Sauti zinapanda. Mzee wa rika la Kaplelach, aliyekuwa amenyamaza akiegemea nguzo ya kibanda, anauliza swali moja: "Na mwenyewe amesema nini?"

Swali hilo linatoka mbali. Kokwet ya Wakipsigis, yaani ujirani wa maboma yanayopakana pamoja na kikao cha watu wake, ndiyo iliyokuwa mahakama ya kila siku kabla ya serikali ya kikoloni kuleta machifu, na hata leo inamaliza mengi yasiyofika kortini. Watu hukaa chini ya mti, na boiyot ab kokwet, mzee wa ujirani, huongoza. Desturi ya kikao hicho ina mambo matatu ambayo wabishi wa siku hizi wameyasahau.

La kwanza, mshtakiwa husikizwa mpaka mwisho. Maelezo yake yanaweza kuwa dhaifu, lakini hayakatizwi. Wazee huyapima maneno aliyoyasema mwanzo dhidi ya yale aliyoyasema baadaye, na yakigongana, humuuliza kwa nini. Kwa kipimo hicho, habari ya dawa ya mfanyakazi wa nyumbani inastahili kusikizwa, na inastahili pia kuulizwa kwa nini ilichelewa kwa miezi. Anayeimeza nzima bila swali na anayeitupa bila kuisikia, wote wawili wangenyamazishwa katika kikao.

La pili, kinachoamuliwa ni jambo lililoletwa mbele ya wazee. Ng'ombe aliyeibwa jana hathibitishi kwamba ng'ombe aliyepotea mwaka jana aliibwa na mtu yuleyule. Shaka inaruhusiwa kusemwa, ila haihesabiwi kuwa ushahidi. Zamani, shaka ilipozidi na ushahidi ukakosekana, watu walifika hadi kwenye muma, kiapo kizito kilichoaminika kumfuata mwapaji na ukoo wake kama amesema uongo. Hakikutumiwa ovyo, maana kila mtu alijua uzito wa kumbebesha ukoo mzima tuhuma isiyothibitishwa.

La tatu, adhabu ina mwisho. Aliyelipa alichoamriwa kulipa hutamkiwa baraka na kurudi kukaa na wenzake. Kumdai tena deni lililokwisha lipwa ni kosa jipya, la anayedai.

Nchi hii ina sababu ya kushika sana mambo hayo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa walaibon, yaani viongozi wa kiroho, na ukoo wa Talai wa Wakipsigis, mamia ya watu, wazee kwa watoto wachanga, ukahamishiwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa mbung'o na ukame. Hakuna aliyefikishwa mahakamani mmoja mmoja na kusomewa kosa lake. Walihukumiwa kwa jina la ukoo. Wajukuu wao bado wanadai haki hadi leo. Jamii iliyobeba jeraha kama hilo haipaswi kuwa nyepesi ya kusema kwamba kwa kuwa Wakenya wengi wamekamatwa na dawa, basi kila binti wa Kericho anayekimbia kwa kasi ni mlaghai. Beatrice Chebet hana sehemu yoyote katika kosa la mwenzake, na watoto wanaokimbia kwenda shule kwenye njia za mashamba ya chai pia hawana.

Lakini desturi hiyohiyo haimfichi mkosaji. Hapa ndipo wanaolalamikia njama ya wazungu wanapokosea. Sampuli ilikuwa yake. Dawa ilikuwemo, tena kwa wingi. Kanuni ya michezo, ambayo kila mwanariadha wa kulipwa anaijua, inasema mtu anawajibika kwa kila kinachoingia mwilini mwake. Kenya yenyewe ilipitisha sheria yake ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016, na orodha ya wanariadha wake waliofungiwa ni ndefu. Mzee wa kokwet akikuta ng'ombe wa jirani ndani ya boma lako, hapotezi muda kuuliza ni nani aliyekuchongea.

Ubishi wa namna hii hauko Kericho peke yake. Marekani, mashabiki wa besiboli wamebishana kwa miaka mingi juu ya Barry Bonds, aliyepiga mipira 762 ya kuzunguka vituo vyote, wingi ambao hakuna mwingine aliyeufikia katika ligi yao kuu. Idadi hiyo imo vitabuni na hakuna aliyeifuta. Hata hivyo, kwa sababu ya tuhuma za dawa, waandishi wa michezo walimpigia kura mara kumi hadi mwaka 2022 bila kumpa kura za kutosha kuingia katika jumba lao la mashujaa. Wao wamegawa mambo mawili: hesabu inabaki katika kumbukumbu, na heshima inabaki mikononi mwa watu. Kwetu nako ni vivyo hivyo. Saa ya Chicago ni ya wenye kusimamia riadha, wao ndio wanaoiandika na wao ndio wanaoweza kuifuta. Mursik na sinendet ni vyetu. Hakuna ofisi ya ng'ambo inayoweza kutuamuru tumpe au tumnyime nani.

Kwa hiyo nasema wazi ninavyoona. Rekodi ya saa 2, dakika 9 na sekunde 56 isimame maadamu haijathibitishwa vinginevyo, na kila anayeitaja aitaje pamoja na kifungo cha 2025, kwa pumzi moja. Kusema ya kwanza na kuficha ya pili ni kumdanganya mtoto. Kusema ya pili na kuifuta ya kwanza ni kuhukumu jambo ambalo halijaletwa kikaoni. Uchunguzi ukileta mengine, kikao kitakaa tena. Usipoleta, basi miaka mitatu ikiisha deni limelipwa, na Chepng'etich akirudi barabarani arudi kama mtu aliyemaliza adhabu yake. Ila kibuyu cha heshima hakilazimiki kutolewa siku hiyo. Imani iliyovunjika hurudi kwa mwenendo, na huchukua muda.

Kwa yule mama wa kituo cha chai, jibu la binti yake ni hili: alikimbia kwa kasi kuliko mwanamke yeyote aliyemtangulia, kisha akakutwa na dawa iliyokatazwa, akaadhibiwa. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuyabeba yote mawili kwa wakati mmoja, akiambiwa na mtu anayemwamini.

Na nyumbani tuanze na tabia moja tuliyoizoea mno, ya kupeana dawa. Kichwa kikiuma, jirani anatoa kidonge. Presha ikipanda, mtu anaazima dawa ya mwenzake. Kifua kikibana, muuza duka anachagua mwenyewe cha kukuuzia. Kwa mkulima ni hatari ya afya. Kwa msichana aliyeko kambini ni hatari ya maisha yake yote ya riadha. Wazazi, walimu na makocha wa Kericho na Bomet, mfundisheni mwanariadha wenu kukataa kidonge chochote ambacho daktari anayejua kazi yake hajakikagua, hata akipewa na mama yake mzazi. Kisha akishinda, mleteeni mursik.