Malezi Kaskazini Mashariki (3): Kiwanja cha Watoto Kiingie Kwenye Bajeti

Wiki iliyopita tuliishia kwenye chakula cha mtoto. Leo tuangalie mchezo, ambao wazazi wengi wa Garissa huuona anasa, hasa baada ya ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya maana na mifugo ikateketea. Aliyepoteza ng'ombe wote atauliza: mchezo utanisaidia nini?

Ana haki ya kuuliza. Lakini na awatazame wasichana wanaocheza mdako chini ya mwarobaini. Mmoja hurusha kokoto juu, na kabla haijamrudia mkononi ameshazoa nyingine shimoni; akiirusha tena, huzirudisha zote, akibakiza moja tu nje. Hapo pana hesabu, wepesi wa jicho, kungoja zamu, na ugomvi unaoamuliwa bila mtu mzima kuingilia. Hayo ndiyo mwalimu wa chekechea anayoyahangaikia muhula mzima.

Wala dini haiko mbali na jambo hili. Mtume (s.a.w.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachelea kumharakisha. Walimu wa duksi, yaani chuo cha Kurani, wanaijua hadithi hiyo kuliko mimi, na wao ndio wa kwanza wa kushirikishwa, maana duksi na shule zikifuatana kutwa nzima, saa ya kucheza haipatikani.

Kinachokosekana zaidi ni mahali. Mathenge, mti uliopandwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umevamia maeneo ya wazi kandokando ya Tana. Mwiba wake hupenya ndala, na mtoto akishachomwa, wenzake nao hupakimbia.

Sheria tunazo. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinataja mchezo waziwazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na viwanja vya michezo na burudani. Kwa hiyo wa kudaiwa yuko hapa hapa Garissa, na pa kumdai ni kwenye vikao vya umma vya bajeti. Visima na zahanati ni lazima, sibishi. Ila kung'oa mathenge na visiki vyake, kwa kuwa ukikatwa tu huchipua upya, na kupanda miti ya kivuli katika kila bula, yaani kila mtaa, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kilomita moja ya lami. Kiwanja kiwe karibu na nyumba, la sivyo wasichana hawataruhusiwa kwenda.

Wiki ijayo: watoto wa kambi za Dadaab.