"Star-crossed": Asili ya Neno na Mageuzi ya Maana Yake

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vilivyoundwa kwa kuunga maneno mawili, ni vichache vilivyopata sifa kubwa kwa kutumiwa mara moja tu kama "star-crossed". Neno hili laonekana katika mchezo wa Shakespeare uitwao Romeo and Juliet, uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597, ndani ya shairi la mistari 14 linalosomwa kabla ya mchezo kuanza. Shakespeare hakulitumia tena mahali pengine popote. Na hata pale palipokuwa pake hapakuwa imara, maana katika mkusanyo mkubwa wa michezo yake uliotolewa mwaka 1623, miaka 7 baada ya kufa kwake, shairi lile la utangulizi halimo. Neno halikupotea, lakini maana yake imeyumba, na kuyumba huko kwamhusu mfasiri wa Kiswahili kuliko adhaniavyo.

"Star" ni nyota. Hapo hapana shaka. Taabu iko katika "crossed". Asili yake ni msalaba, yaani neno la Kilatini "crux", lililofika Uingereza kwa njia ya watu wa Ireland na wa Skandinavia. Katika jina hilo kikazaliwa kitenzi cha kukata njia, na kufikia karne ya 16 kitenzi hicho kilikwisha kuwa na maana ya kumpinga mtu na kumvunjia shauri lake. Kwa hiyo maana kamili ya neno zima ni "aliyepingwa na nyota". Nyota ndiyo itendayo, mtu ndiye atendwaye. Muundo wake ni ule ule wa "moth-eaten", lisemwalo kwa nguo iliyoliwa na nondo.

Lisichanganywe na "ill-starred", ambalo Shakespeare huyo huyo alilitia kinywani mwa Othello alipokuwa akimwombolezea Desdemona. Hilo halina kitenzi ndani yake. Ile "-ed" ya mwisho imebandikwa juu ya jina, nayo yafanya kazi ya "-enye" katika Kiswahili: "mwenye nyota mbaya". Ni rahisi kuyafasiri maneno haya mawili kana kwamba ni pacha, lakini la kwanza lasimulia tendo, la pili laeleza hali. Tofauti hiyo si ndogo.

Watu wa zama za Shakespeare waliamini kwamba nyota humiminia wanadamu nguvu zake. Kiingereza cha leo chahifadhi imani hiyo pasipo wasemaji kujua: "influence" asili yake ni mmiminiko huo wa nyota, na "disaster", lililotoka katika Kiitaliano, lina nyota ndani yake. Mchezo wenyewe waonyesha jinsi upinzani huo utendavyo kazi. Juliet amekunywa dawa ya kumlaza kama maiti, na Romeo yampasa aarifiwe. Lakini mchukuzi wa barua afungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, na barua haifiki. Hapana adui aliyekusudia jambo hilo. Njia imekatwa, basi.

Siku hizi maana ile ya kale ya kitenzi imefifia katika mazungumzo, nayo maana ya njia kukutana ndiyo iliyo karibu na masikio. Matokeo yake ni kwamba wako Waingereza na Wamarekani watumiao "star-crossed" kwa wapenzi waliokutanishwa na nyota, walioandikiwana. Hiyo ni kinyume kabisa cha maana ya asili. Huenda siku moja wingi wa wakosaji ukaifanya kuwa sahihi, kwani lugha zina desturi hiyo; lakini haijawa bado, na mfasiri hana ruhusa ya kumvika Shakespeare kosa la watu wa baadaye. Mageuzi mengine hayana ubaya: magazetini neno husemwa kwa timu, merikebu au kazi ya mtu iliyoandamwa na bahati mbaya, pasipo mapenzi wala unajimu. Huko ni kupanuka kwa kawaida.

Mswahili alikutapo neno hili hulipokea kama mgeni anayefahamika. Nyota kwake ni bahati ya mtu tangu zamani. Neno "nuhusi" latokana na Kiarabu "nahs", nao wanafalaki wa Kiarabu waliwahesabu Zohali na Mirihi kuwa nyota za nuhusi. Tena pwani iko desturi ya kutazamia nyota kabla ya ndoa, ambapo mwalimu hupiga hesabu za herufi za majina ya bwana na bibi arusi ili ajue kama nyota zao zapatana. Mtego uko hapo hapo. Mfasiri huvutwa kuandika "wapenzi ambao nyota zao hazikupatana", na maneno hayo ni matamu sikioni. Lakini msomaji wa Lamu au Unguja ataelewa kwamba wawili hao hawakufaana, kwamba ugomvi ungalikuwa wao kwa wao. Katika mchezo mambo ni mbali na hayo: Romeo na Juliet wapatana mno, na kinachowapinga kiko nje yao. "Wapenzi wenye nuhusi" nayo haifai, kwa kuwa mwenye nuhusi hudhaniwa kuwaletea wengine mkosi, hata watu wakamkimbia.

Linalobaki ni lile lililo wazi: "wapenzi waliopingwa na nyota". Huenda likalaumiwa kwa urefu. Hata hivyo, "waliopingwa na nyota" ni mizani 8 kamili, yaani kipande kimoja cha mshororo wa shairi la kawaida. Kinachomsumbua mfasiri ni mizani 3 tu za "wapenzi", ambazo itabidi azitafutie nafasi katika kipande kilichotangulia.