Kabuta hadi Lusaka: hesabu ya mtoto mwenye jinsi tata

Katika kila watoto 4,500 hivi wanaozaliwa, mmoja huja na maumbile ya siri yanayomfanya mkunga asite kusema ni wa kike au wa kiume. Tuseme kituo cha afya cha kando ya Ziwa Mweru, kama pale Kabuta, kinazalisha watoto 300 kwa mwaka. Kitampata mtoto huyo mara moja katika miaka 15. Mkunga anaweza kustaafu akiwa ameona wawili tu. Zambia nzima ina watu milioni 19.6 kwa sensa ya 2022. Ukikadiria vizazi 30 kwa kila watu 1,000, ni watoto 130 hivi kwa mwaka.

Wengi wakisikia habari hii huuliza kwanza upasuaji. Waulize chumvi. Chanzo kikuu kwa wasichana ni kasoro ya tezi za adrenali, inayompata takriban mtoto 1 kati ya 15,000, na robo tatu ya hao mwili wao humwaga chumvi. Wiki ya pili au ya tatu mtoto anaanza kutapika, hanyonyi, analegea, na asipotibiwa anakufa huku nyumbani ikisemwa ni tumbo. Tiba yake ni vidonge vya haidrokotisoni na fludrokotisoni, vyote viwili katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na chumvi ya kawaida, gramu 1 hadi 2 kwa siku. Haidrokotisoni hutolewa mara 3 kwa siku: dozi 1,095 kwa mwaka, maisha yote.

Halafu njia. Kutoka Kabuta unapita Hospitali ya Misheni ya St Paul's, Kashikishi, kisha Mansa, hadi Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu (UTH), Lusaka, karibu kilomita 1,000. Kliniki 4 kwa mwaka ni kilomita 8,000, kwenda na kurudi. Na kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, kwa hiyo miadi ya Januari inamkuta mzazi hana hata samaki wa kuuza.

Kisu chenyewe, mara nyingi, kinaweza kungoja. Dharura ya kweli ni mkojo usiopata njia. Makubaliano ya madaktari ya mwaka 2006 yalishauri kutopasua hali nyepesi, na kutanguliza utendaji wa kiungo kuliko sura yake. Tezi ya uzazi ikiondolewa hairudi. Badala yake zinanunuliwa homoni kila mwezi hadi uzeeni. Kenya ililipeleka jambo hili kwenye sheria: Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadili au kuondoa viungo vya mtoto huntha, yaani mwenye jinsi tata, bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki, na adhabu inaanzia miaka 3 jela au faini ya shilingi 500,000. Sensa yake ya 2019 ilihesabu huntha 1,524 kati ya watu milioni 47.6, yaani mmoja kwa kila 31,000. Linganisha na yule mmoja wa kila 4,500. Vipimo vya hesabu hizo mbili havifanani, lakini aibu nayo imepunguza wengi.

Kwa hiyo kwacha ya kwanza iende kwenye vidonge Kashikishi, ya pili kwenye nauli ya mama. Chumba cha upasuaji kije baadaye.