Kabla ya Nusu Kaputi, Tuulizane Habari za Misuli

Ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji huuliza swali moja: "Ataamka?" Mimi mtoa usingizi nina langu linalotangulia: mgonjwa wetu ana misuli ya namna gani?

Nusu kaputi ni dawa kadhaa. Ipo inayolaza, ipo ya maumivu, na ipo inayolegeza misuli ili mpira upite kooni na tumbo lisikaze. Hii ya mwisho hailazi mtu. Hulegeza hata misuli ya kupumulia, na tangu hapo pumzi ya mgonjwa iko kwenye mfuko ninaouminya kwa mkono.

Iliyo ya haraka zaidi ni suksametoniamu. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika kama 10, kwa kuwa damu ina kimeng'enya cha kuivunja. Sasa chukua mkulima wa Matambarale aliyekuwa akipuliza mikorosho. Salfa ya ugonjwa wa ubwiri unga hainipi shida. Naogopa baadhi ya dawa za kuulia mbu wa mikorosho, zile za jamii ya oganofosfeti kama profenofosi, maana hukizima kimeng'enya hicho hicho. Dakika 10 zinaweza kugeuka saa kadhaa, nami nimlaze na kumpumulia muda wote huo.

Kwa watoto wa kiume namwinda Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaokula misuli. Huuliza: akiinuka kutoka chini, hujikongoja kwa kushika mapaja? "Huyu mvivu tu, mwanangu," bibi mmoja alinijibu, huku akimpapasa mjukuu vigimbi vilivyonona. Vigimbi vile ndivyo vilivyonishtua. Misuli ya namna hiyo ikikutana na suksametoniamu humwaga potasiamu kwenye damu kwa mkupuo, na moyo unaweza kusimama. Huyo hapewi kabisa, na hata gesi za usingizi kama halotheni namwepusha nazo.

Mwenye miasthenia, ambaye kope humshukia jioni na taya kuchoka akitafuna mhogo, ana kioja chake: suksametoniamu ya kipimo cha kawaida huweza isimtoshe, ilhali vekuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, kidogo tu ikamlegeza muda mrefu. Operesheni ikiruhusu, yeye namchagulia sindano ya mgongo.

Aliyewahi kuchelewa kupumua mwenyewe baada ya upasuaji, au ndugu yake wa damu, aseme. Upungufu wa kimeng'enya kile hurithiwa. Na mpulizaji wa mikorosho aje na chupa yake ya dawa. Jina kubwa la biashara halinisaidii sana, nasoma yale maandishi madogo chini yake.