Kuishi kwa Pori: Ardhi, Asali na Majirani

Anayeishi kwa pori huhitaji ardhi kubwa kabla hajahitaji upinde. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni kama watu 1,000, na nchi wanayoizungukia imekadiriwa kuwa kilomita za mraba 4,000. Ni kilomita za mraba nne kwa kila mtu. Msitu wa Ngong Road, ulio kilomita chache magharibi mwa Adams Arcade jijini Nairobi, una hekta kama 1,200, yaani kilomita za mraba 12. Kwa kipimo cha Eyasi, msitu huo wote ungelisha watu watatu. Msitu si nyika, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini wawindaji na wachumaji huwa wachache na huhamahama: chakula cha karibu kikipungua, kambi hung'olewa.

Chakula cha kila siku hutegemea zaidi mikono ya wachimbaji na wachumaji kuliko mshale. Wanawake wa Kihadzabe huchimba mizizi kwa muo, fimbo ngumu iliyochongwa ncha. Mizizi huchomwa kidogo, hutafunwa hadi utamu uishe, kisha nyuzi hutemwa. Msimu wa matunda hushibisha kambi nzima. Mabuyu, ambayo mtoto wa Nairobi huyajua yakiwa na sukari na rangi nyekundu, huko hupondwa kwa jiwe, unga na mbegu pamoja, yakawa mlo kamili.

Nyama ni bahati. Watafiti waliofuatana na Wahadzabe miaka ya 1980 waliona kwamba kati ya siku 100 za kusaka wanyama wakubwa, mwindaji mmoja alifanikiwa siku tatu au nne tu. Ndiyo maana mnyama mkubwa hagawiwi nyumba moja. Kambi yote hula, na asiyepata leo hulishwa na aliyepata. Tena nyama ya porini, hasa wakati wa kiangazi, huwa na mafuta kidogo sana, na mtu akila hiyo tu kwa wiki kadhaa hudhoofika ingawa tumbo limejaa.

Pengo hilo la nguvu huzibwa na asali. Wahadzabe humfuata mlembe, ndege anayeita watu na kuwaongoza hadi kwenye nyuki, naye ndege hujilia nta iliyobaki. Waogiek wa Msitu wa Mau nchini Kenya hawategemei ndege tu. Huchonga mizinga ya magogo, mara nyingi ya mti wa mutarakwa, na kuipachika juu ya miti. Kwa kuwa maua hayachanui kwa wakati mmoja bondeni na mlimani, kila ukoo ulishika ukanda wa msitu unaopanda kutoka chini hadi juu, ukawa unafuata asali msimu baada ya msimu. Mrinaji hupanda na kijinga cha moshi, huwatuliza nyuki na kutoa masega.

Hata hivyo msitu haukutosha peke yake. Tangu zamani Waogiek walibadilishana asali na Wamaasai na Wakipsigis, wakapata mifugo, nafaka na vyuma.

Leo kizuizi kikubwa ni sheria na mipaka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mazao ya misitu ya serikali huchukuliwa kwa kibali. Waogiek walifukuzwa Mau mara kadhaa, na shauri lao likafikishwa kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya ardhi ya mababu. Tarehe 23 Juni 2022 iliagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya na ardhi yao itambuliwe kwa hati ya pamoja. Ukanda ule wa asali ukikatwa katikati, mizinga ya chini hubaki upande mmoja na ya juu upande mwingine, na msimu wa njaa watu hawana tena pa kukimbilia.